Mjadala: Shida ndizo zinazozaa mabingwa, au mabingwa hupatikana licha ya shida?

Nyayo_Ndefu

Wadau, kuna jambo linanikera kila zinapofika Olimpiki. Mwanariadha akishinda, kabla hata hajavishwa medali, tunasimuliwa umaskini wake, ugonjwa wake, vita alivyovikimbia, kisha mtangazaji anahitimisha kwamba hizo shida ndizo zilizomtengeneza. Mimi napinga.

Chukueni Wilma Rudolph, mkimbiaji wa Marekani. Alipata polio akiwa mdogo, mguu wa kushoto ukawekewa chuma. Mwaka 1960 kule Roma akabeba dhahabu tatu: mita 100, mita 200 na kupokezana vijiti. Wengi wanaishia hapo. Hawasemi kwamba mama yake alikuwa akimpeleka hospitali Nashville, kilomita kama 80 kutoka kwao, maana huduma kwa watu weusi pale walipoishi ilikuwa haba. Hawasemi kwamba nyumba nzima ilishika zamu kuukanda ule mguu mara kadhaa kwa siku. Wala hawamtaji kocha Ed Temple, aliyemwona angali mwanafunzi wa sekondari akamwingiza kwenye mazoezi ya timu yake ya chuo. Polio haikumfundisha kukimbia. Alifundishwa na watu.

Hoja yangu ni hii: tukiisifu shida, tunawaachia waliotakiwa kuiondoa. Karibuni, lakini kwa hoja.

Mtazamaji_wa_Jioni

Hoja yako nzuri kuisoma, mkuu, ila uwanjani haisimami. Mtoto aliyekuzwa kwa kila kitu hana njaa ya ushindi. Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Roma 1960 pekupeku kwa sababu hakuwa na hela ya viatu, akawaacha waliovaa viatu. Kipchoge Keino wa Kenya alikwenda Olimpiki ya Mexico 1968 akiwa mgonjwa wa nyongo, madaktari wamemkataza, akaondoka na dhahabu ya mita 1,500. John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka kwenye marathoni ya Olimpiki hiyohiyo, goti likaumia vibaya, akaendelea mpaka mwisho. Hao wote wangekulia kwenye raha tusingewasikia. Penye nia pana njia, wahenga hawakukosea.

Upinde

Mtazamaji, suala la Bikila si hivyo. Alikuwa askari wa kikosi cha walinzi wa mfalme Haile Selassie, ana mshahara, na kocha wake Onni Niskanen alikuwa mtaalamu kutoka Sweden. Alikimbia pekupeku kwa kuwa ndivyo alivyozoea kufanya mazoezi, na viatu alivyopewa Roma havikumkaa. Akamaliza kwa saa 2:15:16. Miaka minne baadaye Tokyo alivaa viatu na soksi, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidoletumbo, akakimbia 2:12:11. Kama ushindi wake ulitokana na kukosa viatu, Tokyo alishindaje?

Saa_ya_Kwanza

Nami nina swali dogo. Mada inasema mabingwa. Akhwari anafanya nini kwenye orodha ya mabingwa? Mexico walimaliza watu 57 naye alikuwa wa 57. Simdharau, ila tusichanganye huruma na ushindi.

BintiUpepo

Saa_ya_Kwanza, umeandika hayo ukiwa umekaa, bila shaka. Mtu amekimbia kwenye mwinuko wa mita 2,240, msuli umemkaza, amegongana na wenzake akaanguka, goti limeteguka, bega limepigwa chini, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde. Jua limezama, watu wengi wameshaondoka. Wewe unamwita mtu wa kuhurumiwa!

Walianza 75. Kwa hiyo 18 waliacha, tena wengine bila hata jeraha. Hao ndio uwatafutie jina. Akhwari muache.

Saa_ya_Kwanza

Dada yangu, sijasema wa kuhurumiwa, usiniwekee maneno mdomoni. Nimesema hakushinda. Ukianza kumwita bingwa kila aliyeumia, Wolde aliyekimbia 2:20:26 siku ileile juani tumwite nani? Heshima ipo, na matokeo yapo. Mbio ni muda. Akhwari saa yake inasoma 3:25:27.

Mtazamaji_wa_Jioni

Hapo sasa mnamsulubisha mzee wa watu. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kote huko akaanze mbio, ilimtuma akazimalize. Jibu hilo limevuka vizazi. Nani anakumbuka jibu lolote la mshindi wa siku ile?

KochaMkongwe

Nimesoma kimya, sasa inabidi niseme, maana mnabishana juu ya mtu ambaye inaonekana hamjawahi kuangalia mbio zake nyingine. Akhwari hakuwa mtembea kwa miguu aliyepotea njia akajikuta kwenye marathoni. Alikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa Afrika kabla ya Mexico. Na mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano kwa saa 2:15:05. Itazameni hiyo saa: inazidiwa na ile ya Bikila ya Tokyo kwa chini ya dakika tatu. Mbio zile alizishinda Ron Hill kwa 2:09:28, zilikuwa mbio kali mno.

Kwa hiyo Saa_ya_Kwanza ana haki kusema hakushinda Mexico, na BintiUpepo ana haki kukasirika. Ila wote mnamfahamu kwa siku moja aliyoanguka. Hilo kwangu ndilo baya zaidi.

BintiUpepo

Ahsante Kocha. Ya Edinburgh niliyajua, ila sikuona sababu ya kumtetea kwa muda. Mtu anayehitaji saa ili amheshimu Akhwari hata ukimpa saa atatafuta kingine.

Saa_ya_Kwanza

Kumbe! Wa tano Edinburgh ndiyo hoja ya maana kuliko zote zilizotolewa hapa, na imetoka kwa Kocha peke yake. Mngeanza nayo tusingefika huku.

Nyayo_Ndefu

Wadau, naomba turudi kwenye mada. Sijauliza nani bingwa. Nimeuliza kama shida inajenga. Chukueni Keino aliyetajwa na Mtazamaji. Ni kweli aliumwa, kwenye mita 10,000 maumivu yalimwangusha. Lakini kwenye 1,500 kulikuwa na mwenzake wa timu, Ben Jipcho, aliyekwenda kasi mno tangu mzunguko wa kwanza kumchosha Jim Ryun wa Marekani, akijua yeye mwenyewe hatapata kitu. Keino akashinda kwa karibu sekunde tatu. Na pale Mexico hewa ni nyepesi, ambayo kwa mtu aliyekulia nyanda za juu ni nafuu. Nyongo haikumsaidia kwa lolote. Alisaidiwa na mwenzake, na mapafu aliyokulia nayo.

Mtazamaji_wa_Jioni

Basi nikupe ambaye huwezi kumpangua. Lopez Lomong. Alitekwa akiwa na miaka sita kule Sudan Kusini, akatoroka, akaishi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, miaka kumi. Mwaka 2000 akamwona mkimbiaji wa Marekani, Michael Johnson, kwenye televisheni akikimbia Olimpiki, akaamua. 2008 Beijing yeye ndiye aliyebeba bendera ya Marekani. Na kama hiyo haitoshi, Henry Wanyoike wa Kenya. Amelala anaona, ameamka haoni, kiharusi kimeondoka na macho yake. Kwenye Paralimpiki ya Sydney 2000 mwongozaji wake akazidiwa katikati ya mbio za mita 5,000, Wanyoike akamvuta mpaka wakashinda dhahabu. Kipofu anamburuta anayeona! Sasa wewe mwenye macho mawili na miguu miwili una kisingizio gani? Hiyo ndiyo maana ya hadithi hizi. Zinatuamsha.

Magurudumu

Hapana. Hapo nakukatiza, Mtazamaji.

Mimi nacheza mpira wa kikapu kwenye kiti cha magurudumu, na sentensi uliyoiandika nimeambiwa usoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. "Kama huyu anaweza, wewe una kisingizio gani." Aliyesema anawaangalia wenzake, haniangalii mimi. Wanyoike hakwenda Sydney kukuamsha wewe. Alikwenda kushinda mita 5,000, na alishinda kwa kuwa alikuwa na mbio kuliko wote waliokuwa pale. Ungetaja kasi yake, namna watu wawili wanavyojifunza kukanyaga hatua moja huku wameunganishwa kwa kamba fupi mkononi, mwongozaji akihesabu kona na kutamka nani yuko mbele. Huo ni ufundi. Wewe umechukua upofu tu.

Na kwa kuwa tunazungumzia shida, niwaeleze yangu, si ya kusikitikiwa. Kiti cha kuchezea si kiti cha kutembelea. Magurudumu yake yameinamia ndani kwa juu ili kigeuke haraka bila kupinduka, na kikalio hukatwa kwa kipimo cha nyonga za mchezaji. Ukipewa kisicho chako, mkanda haukubani. Ukigeuka, kiti kinakwenda na kiwiliwili kinabaki nyuma, na tofauti hiyo inalipwa na bega. Nimecheza misimu kwenye kiti cha mtu mwingine. Sikutoka na ujasiri. Nilitoka na bega bovu.

BintiUpepo

Magurudumu, umesema yote.

Mtazamaji_wa_Jioni

Sikumtukana mtu. Nimesifu. Inashangaza kwamba siku hizi ukisifu unageuziwa kibao.

Na kwa kuwa kila mtu anatoa yake, nami natoa. Nimelelewa kwenye kituo cha yatima. Nilicheza ndondi ngazi za vijana, sikufika mbali, lakini ulingoni nilikuwa simuogopi mtu, na najua ujasiri ule ulitoka wapi. Ulitoka kwenye yale niliyopitia nikiwa mdogo. Nyayo_Ndefu akiniambia shida haijengi kitu, ananiambia miaka yangu yote ya utotoni ilikuwa hasara tupu. Siwezi kukubali hilo, na hakuna takwimu itakayonifanya nikubali.

Nyayo_Ndefu

Kaka, sikusema wewe ni hasara. Wewe ulisimama, na sifa ya kusimama ni yako, haiendi kwa shida. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta tangu post ya kwanza. Anayesema shida ilikujenga anakupokonya sifa yako mwenyewe anaikabidhi njaa.

Mtazamaji_wa_Jioni

Maneno matamu. Uliza mtu yeyote aliyepita huko kama anaona tofauti hiyo.

Upinde

Niulizeni mimi basi, nimeishi kambini. Sitataja wapi. Lomong ni fahari kwetu sote, lakini alitoka Kakuma kwa sababu alichaguliwa kwenye mpango wa kuwapeleka vijana Marekani, akapata familia ya kumlea, shule na timu. Maelfu waliobaki walikuwa na shida ileile. Kama shida ndiyo kiwanda cha mabingwa, kambi zingeongoza dunia kwa medali.

Angalieni Rio 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki. Watu kumi. Watano ni wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma. Walipatikana kwa kuwa Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, alikwenda na watu wake kupima nani ana mbio, kisha akawaweka kwenye kambi ya mazoezi. Rose Nathike Lokonyen akabeba bendera. Vipaji vilikuwa pale miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kufika na kuwapima.

Na nina jina la kumjibu aliyesema penye nia pana njia. Samia Yusuf Omar wa Somalia. Alifanya mazoezi Mogadishu vitani, akipata vitisho kwa kuwa ni msichana anayekimbia. Beijing 2008 alikimbia mita 200 kwa sekunde 32.16, wa mwisho kwa mbali, uwanja mzima ukimshangilia. Alitaka kurudi London 2012. Alikwenda kutafuta kocha Ulaya, akavuka jangwa mpaka Libya, akafa maji baharini mwaka huohuo wa 2012. Nia alikuwa nayo kuliko wote tuliowataja hapa. Nionyesheni njia ilikuwa wapi.

Saa_ya_Kwanza

Upinde, hilo la Samia limeniuma, nakiri. Lakini umeshaona? Naye alikuwa wa mwisho, na hakuna aliyenisikia nikimkatalia nafasi. Kwa hiyo si kweli kwamba mimi nahesabu saa tu. Samia namtaja kama hasara ya dunia. Akhwari mlinitaka nimwite mshindi. Ni mambo mawili.

BintiUpepo

Bado uko kwa Akhwari!

Saa_ya_Kwanza

Bado mko nami.

KochaMkongwe

Niseme la kitaalamu, kwa sababu neno "njaa" linatumika hapa kirahisi sana. Nimefundisha wasichana wa mbio ndefu. Msichana asiyekula kutosheleza mazoezi anayofanya, mwanzoni anaweza hata kwenda kasi zaidi kwa kuwa amepungua uzito. Watu wanapiga makofi, wanasema ana moyo. Baada ya muda hedhi inakatika. Mifupa inakosa nguvu. Siku moja anakuja anasema muundi unamuuma mahali pamoja tu, ukibonyeza kwa kidole anaruka. Huo tayari ni ufa kwenye mfupa. Anaweza kukaa nje msimu mzima, na mwingine harudi. Madini ya chuma yakipungua kwenye damu ndiyo usiseme: mazoezi yaleyale, saa zinazidi kuwa mbaya, na anaambiwa ni mvivu.

Mimi sijawahi kupata mkimbiaji aliyeboreshwa na njaa ya tumbo. Hii njaa ya ushindi mnayoisema nimeiona kwa maskini na nimeiona kwa watoto wa madaktari. Eliud Kipchoge alilelewa na mama peke yake, mama mwalimu, na jirani yao alikuwa Patrick Sang, medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, ambaye ndiye aliyekuja kuwa kocha wake. Mngetaka kutafuta sababu, mimi ningeanza na jirani.

Mtazamaji_wa_Jioni

Kocha nakuheshimu, mzee wangu, lakini wewe unaangalia mifupa, mimi naangalia moyo. Umewahi kumwona mtoto wa daktari akimaliza kilomita zaidi ya ishirini na goti lililoteguka?

KochaMkongwe

Sijamwona, na nisingemruhusu. Wala nisingemruhusu mtoto wa maskini. Hapa ndipo nitakapowaudhi wote wawili, wewe na BintiUpepo. Ningekuwa kocha wa Akhwari siku ile ningemtoa barabarani. Goti lililoteguka ukilikimbilia, unaweza kukata kano zinazolishikilia, na alikuwa na miaka ya mbio mbele yake. Kwamba alirudi na kukimbia 2:15 Edinburgh, tumshukuru Mungu. Wako waliofanya alivyofanya wasitembee vizuri tena, na hao hawaalikwi popote.

BintiUpepo

Kocha! Ungemtoa Akhwari?

KochaMkongwe

Ningemtoa.

Magurudumu

Namuunga mkono Kocha. Watu wanapenda maumivu ya mwanamichezo kwa sababu hayawaumi wao.

BintiUpepo

Sasa mmegeuza mtu mzima kuwa mtoto. Alikuwa na miaka thelathini, alijua mwili wake, alijua amekwenda kumwakilisha nani. Tanzania ilikuwa taifa changa, limepata uhuru miaka saba tu nyuma. Mnamzungumzia kama mtu asiye na akili ya kuamua. Mlishamuuliza?

KochaMkongwe

Binti yangu, mkimbiaji huulizwa kila mara, na kila mara atasema anaweza. Nimeuliza mara nyingi, sijawahi kusikia jibu jingine. Ndiyo maana kanuni za riadha za leo zinampa daktari wa mashindano mamlaka ya kumwamuru mkimbiaji aache, na akiamriwa lazima atoke. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa kumdharau mtu. Imewekwa kwa kuwa mwanariadha aliye katikati ya mbio ndiye wa mwisho kukubali kwamba ameumia.

Nyayo_Ndefu

Mnaona? Tumefika palepale nilipoanzia. Kazi ya kuondoa shida ni ya mtu fulani, ana jina na cheo.

Mtazamaji_wa_Jioni

Hatujafika popote ndugu yangu. Umechukua daktari wa mbio ukamfanya hoja yako.

Saa_ya_Kwanza

Kwa kanuni hiyo ya Kocha, Akhwari angetolewa kilomita ya ishirini, na leo hakuna ambaye angemjua.

BintiUpepo

Angejulikana kwa Edinburgh, Saa_ya_Kwanza, kama watu wangekuwa wanasoma majina ya tano bora badala ya kungoja mtu mweusi aanguke kwanza ndipo wamwelekezee kamera.